Kitambaa cha Yerusalemu Nilichokifua kwa Siri

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na ninyi mlioketi, asifiwe na mimi pia ninayetetemeka hapa mbele. Nimekuja na karatasi kwa sababu nikisema bila kusoma nitaogopa kukosea neno, kisha nitanyamaza. Maneno haya nimeyaandika upya mara kumi na moja. Mnanijua. Mimi ndiye ninayewachapia barua na ratiba za kwaya, na nikikosea herufi moja naanza ukurasa wote tena. Kazi hiyo hakuna aliyenifundisha, nilijifunza mwenyewe, na mtu aliyejifunza mwenyewe anaishi na hofu kwamba siku moja atagunduliwa. Leo nimekuja nigunduliwe.

Wengi hapa mtaani kwetu Hewa Bora mnaniita Mutoto ya Yerusalema. Ni kweli, niliishi kule tangu nikiwa na miaka sita mpaka kumi. Baba yangu ni mpishi katika nyumba ya kulala mahujaji, ndani ya kuta za mji wa kale. Mama anafua na kupiga pasi mashuka ya wageni. Tulikaa watatu katika chumba kimoja nyuma ya jiko.

Ndugu zangu, mkisikia Yerusalemu mnaona malango ya lulu. Mimi naona ngazi. Ngazi za mawe zilizolika katikati kwa miguu ya watu, zinateleza hata siku isiyo na mvua. Vichochoro vilivyofunikwa juu, vyenye kivuli hata saa sita mchana. Wanaume wanateremka na mikokoteni ya bidhaa huku wamekanyaga tairi kuukuu lililofungwa nyuma kwa mnyororo, ndiyo breki yao. Mikate ya mviringo yenye ufuta. Kengele na adhana vinakutana angani, na mimi niko chini peke yangu nasikiliza.

Maana nilikuwa peke yangu! Shuleni walisema lugha nisiyoijua, nikakaa dawati la mwisho kama begi la mtu aliyetoka. Mchana wazazi walikuwa kazini, basi nilitembea. Siku moja nilimfuata paka, nikapotea. Niliuliza njia kwa Kiswahili, nikauliza kwa Kifaransa, watu wakanipita. Mama alinipata jioni nimekaa mlangoni pa duka la mishumaa. Hakunipiga. Alilia, na kile kilio kilinitisha kuliko kupotea kwenyewe.

Tangu siku ile nilihesabu hatua. Kutoka mlango wetu hadi kwa muuza viungo, kutoka kwa muuza viungo hadi kwenye kanisa la Kaburi la Bwana. Nikipoteza hesabu katikati, sikuendelea. Nilirudi mpaka mlangoni petu, nikaanza tena moja. Kuna siku nilirudi mara tano, na sikufika popote.

Juu ya paa la kanisa lile wanakaa watawa Wahabeshi, katika vyumba vidogo kama vibanda vya kijijini. Nilipowaona mara ya kwanza nilisimama nikashangaa: watu weusi kama mimi! Kulikuwa na mzee mmoja aliyefagia ua kila siku. Hatukuwa na lugha moja. Alinionyesha ukuta wa kukaa, nikakaa, akaendelea kufagia. Ndugu zangu, huyo ndiye rafiki niliyekuwa naye Yerusalemu.

Na chini, ukiingia tu mlango wa kanisa, kuna jiwe refu limelazwa sakafuni. Wanasema hapo mwili wa Bwana ulipakwa manukato. Wanawake wanapiga magoti, wanamwaga mafuta, wanayafuta kwa vitambaa vyao, wanavikunja bila kuvikamua, wanavibeba kwao kwa ajili ya wagonjwa. Niliwatazama siku nyingi. Nilijua kabisa wanachofanya. Nawaambia hili ili nisije nikajificha nyuma ya utoto.

Nilipofika miaka kumi, wazazi waliamua nirudi nisome kwetu, nikae na nyanya yangu, ambaye sote tunamwita Kambo. Wao wakabaki. Wako kule mpaka leo. Siku ya mwisho mama alivua kitambaa chake cha kichwa, kipande cha kitenge cha buluu, akakisugua kwenye lile jiwe muda mrefu, machozi na mafuta vikachanganyika. Akakifunga katika plastiki. Akaniambia, "Mpe Kambo mkononi."

Nilifika Lubumbashi wakati wa baridi, vumbi jekundu kila mahali. Asubuhi iliyofuata Kambo alitoka kwenda kuwaalika akina mama wa maombi. Nikafungua ile plastiki. Mafuta yalikuwa yameenea, kitambaa kina madoa makubwa ya manjano, kimeanza kunuka. Nikaona aibu. Mama yangu anayenyoosha mashuka ya wageni mpaka yawe kama karatasi, watasema ametuma kitu kichafu! Kichwani mwangu baraka na doa vilikuwa vitu viwili, ungeweza kuondoa kimoja na kubakiza kingine. Nikachukua kipande cha sabuni. Nikafua mara tatu. Nikaanika nyuma ya jiko, nikapiga pasi ya makaa, nikakunja pembe kwa pembe.

Akina mama walikuja. Kambo akakiinua juu kwa mikono miwili, akasema, "Muone! Hii imegusa jiwe ya Bwana. Hata siku moya haitafuliwa!"

Wakapiga vigelegele. Mimi nilikuwa nimeshika sinia la vikombe, nikaanza kuvigawa. Na usiku ule nikagundua jambo jingine: nilikuwa nimefua hata harufu ya mama yangu.

Sasa sikieni ubaya wangu wote. Kitambaa kilianza kutembea. Mwenye homa, mwenye mguu uliovimba, mama anayesubiri kujifungua, wote walikiomba. Kilirudi na jasho, kilirudi na dawa iliyomwagika. Na mimi, kwa kuwa nilikuwa nimeshaharibu mara ya kwanza, nilikifua kila kiliporudi. Kwa siri! Nikakikausha ndani ya chumba changu, nyuma ya kabati. Kambo akishangaa, "Tangu myaka yote hii, haishike uchafu!" Mnakumbuka? Mlisimama hapa hapa mkashukuru kwamba kitambaa cha Yerusalemu hakichafuki. Mlicheza. Na mimi nilicheza pamoja nanyi.

Kisha akaugua Trésor, mtoto wa pekee wa Mama Feza. Nilikuwa na miaka kumi na minne, yeye tisa. Kitambaa kilikaa naye hospitalini wiki tatu. Kila Jumapili Mama Feza aliniletea, anasema, "Uiombee, Mutoto ya Yerusalema, halafu nitairudisha ku hospitali." Nilikifua, nikakikausha, nikampa. Wiki ya nne Trésor alikufa.

Siku ya mazishi watu walisema ni mapenzi ya Mungu. Mimi nilisema moyoni, hapana, ni sabuni. Kama nisingekifua, yale mafuta yangekuwamo, na mtoto angeishi. Ndugu zangu, nimeishi na sentensi hiyo miaka tisa! Sikumwambia mtu. Mama alipiga simu kutoka kule akauliza, "Kitambaa kiko?" Nilijibu, "Kiko." Nilikaa katikati ya kwaya ya watu thelathini, nikawa peke yangu kuliko kwenye vile vichochoro. Nikaanza kurekebisha kila kitu kingine: herufi, mistari, vikombe, viatu mlangoni. Nilidhani nikifanya elfu bila kosa, lile moja litalipwa. Halikulipwa.

Mwaka huu baridi ilipoingia, Kambo wangu akashikwa kifua. Asubuhi moja, amelala, pumzi fupi, aliniambia, "Nipe kitambala yangu. Leo ni miye mugonjwa."

Nilikwenda kabatini. Nilikishika. Kilikuwa kimenyooka vizuri sana. Nikatoka uani, nikapiga magoti karibu na ndoo, na sala yangu haikuwa nzuri. Nilisema tu, "Bwana, siwezi kumpa huyu uongo. Huyu siwezi." Hakukuja sauti, hakukuja mwanga. Ila kwa mara ya kwanza sikutaka kurudi mwanzo nipange maneno. Niliinuka nikaingia hivyo hivyo.

Nikamwambia yote. Kambo alinitazama. Kisha alianza kucheka! Alicheka mpaka akakohoa, nikamshika mgongo.

"Kumbe ule muujiza yetu ilikuwa weye na kipande ya sabuni!"

"Kambo, usicheke. Nisamehe."

"Minakusamehe, lakini acha nicheke kwanza. Na ule Mama wa mimba, alizala bulongo?"

"Alizaa vizuri."

"Na Papa wa muguu?"

"Alipona."

"Basi Mungu hakukuwa mu mafuta. Tulimufungia mu plastiki, Yeye hakukuwa mule." Halafu uso wake ukabadilika. "Lakini Mama Feza hatacheka. Enda kwake. Leo."

Nilikwenda kwa miguu, na sitawaficha: nilihesabu hatua. Mama Feza alikuwa mbele ya nyumba yake anachambua mboga za lenga-lenga za kuuza. Aliponiona akasema, "Kamata kiti, ikala. Unasimama kama muntu wa kuhesabu nyumba!"

Sikukaa. Nilisema nikiwa nimesimama, kitambaa mkononi. Nilisema hata ile sentensi ya sabuni. Mikono yake ilisimama ndani ya mboga. Gari likapita, vumbi likatua.

"Ulikuwa na myaka ngapi?"

"Kumi na minne."

"Na leo?"

"Ishirini na tatu."

"Na yote hii unabeba weye moya?"

Nilikikunja kitambaa pembe kwa pembe, nikakikunjua tena.

"Sikiya, mutoto. Mu ile chambre ya hospitali kila kintu ilikuwa inanuka. Dawa, ndoo, bantu, miye mwenyewe. Trésor alikuwa anakatala shuka, anakatala chakula. Ile kitambala tu ndiyo alikuwa anataka. Aliiweka ku pua. Alikuwa anasema, 'Mama, inanukia kama ku nyumba.' Ni juu ya ile nilikuwa nakuletea kila siku ya Mungu, kila Jumapili. Nilizani munaiweka mafuta ya kunukia. Kumbe ni weye ulikuwa unafua."

Akanivuta nikakaa. Akalia, nami nikalia. Kisha akapangusa uso kwa kiganja chenye majani, akasema, "Sasa nisaidie na hii mboga, bantu watanunua nini?" Nilichambua naye mpaka mchana. Nilichambua vibaya, shina na majani pamoja, na sikurudia.

Ndugu zangu, huo ndio ukombozi wangu! Trésor hakurudi. Kambo bado anakohoa, anakunywa dawa za daktari na tunamwombea. Wazazi wangu bado wako mbali, nami bado natetemeka. Lakini ile sentensi ya miaka tisa, Bwana ameivunja! Kosa nililolificha kama uuaji, Yeye alikuwa amelitumia kumpa mtoto mgonjwa harufu ya nyumbani. Atukuzwe!

Na ninawaomba msamaha ninyi mliocheza. Mlimshukuru Mungu kwa ajili ya muujiza ambao haukuwapo, na mimi nilijua. Anayetaka kukasirika, nitamsikiliza baada ya ibada, nitakuwa pale mlangoni.

Kitambaa ni hiki. Jana nimekifua tena, safari hii mchana, na nimekianika kwenye kamba ya mbele ambako majirani wote wanaona. Hakina mafuta ya jiwe lolote. Kina sabuni. Mwenye mgonjwa akikitaka aje akichukue, na mimi nitakuja pamoja nacho nikae naye.

Na wewe uliyeketi hapa na kitu chako nyuma ya kabati, mtumaini Yesu leo. Usingoje mpaka umepata maneno yasiyo na kosa. Nilipokuwa mtoto katika mji mtakatifu, kila nilipopoteza hesabu nilirudi mlangoni nikaanza moja, na hakuna aliyeniambia kwamba si lazima. Mimi nakuambia. Umepoteza hesabu? Usirudi. Anza kutembea kutoka hapo hapo uliposimama, Bwana yuko katika hatua hiyo pia. Amina, na asanteni kwa kunisikia mpaka mwisho.