Mshipa wa Marehemu

Saumu alikuwa amekalia gunia lake la ndagala, dagaa wakavu, katika lori lililotoka Mboko kwenda Baraka, masikio yote kwa wanaume wawili waliokaa mbele yake. Alphonse, mpishi wa Mzungu mmoja mwenye shamba, alikuwa akieleza kwamba bwana wake alikatwa na madaktari Ulaya kwa sababu ya mshipa.

"Hata mujomba wangu balimukata mushipa," akasema Useni, fundi cherehani, aliyedhani inasemwa ngiri. "Juma mbili tu, akarudia kulima."

"Hapana ile, ndugu. Nasema mushipa mukubwa wa damu, wenye kupiga ndani ya tumbo. Ulivimba sawa limau. Balitosha inje kile kipande, bakatia cha muntu mwenye alikufa."

Saumu akasogea karibu. Ndagala zilivunjika chini yake, hakujali.

"Akapona?" Useni akauliza.

"Tumbo ilipona. Lakini sasa bidole bya miguu binageuka rangi ya wino, hata kama damu iko inafika muzuri. Hata munganga anashangaa."

"Ule marehemu balimuuliza?"

"Angejibu namna gani?"

"Njo maana. Ule marehemu anatafuta miguu yake."

Saumu aliona hapo fundi amemshinda mganga.

Alphonse akaushika mkono wa Useni, akauweka juu ya kitovu chake mwenyewe. "Mi pia niko nayo, ule mushipa wenye kuvimba. Leo munganga wa hospitali ya Baraka anangojea jibu yangu, nikatwe ao niache."

Lori likafika sokoni Baraka, injini ikazimwa. Watu wakaanza kushuka. Useni hakuuondoa mkono; chini yake kitu kilikuwa bado kinapiga.

"Motokari imesimama," akasema polepole, "na hii yako ingali inatembea."