Bastola Isiyo na Makao

Fundi cherehani alipanda basi na hasira ya tangu nyumbani, mfuko wa vitambaa vya wateja mapajani. Wezi walipovunja duka lao, mumewe alinunua bastola, akakataa kwenda mafunzoni, eti mwanamume hafundishwi ujasiri. Kila usiku huibadilishia maficho ili mwizi asiyazoee. Asubuhi hii maficho yamemtoka kichwani, na nyumbani kuna wajukuu.

"Sanduku la chuma hamna?" aliuliza mzee wa kiti cha pembeni aliyesimuliwa hayo yote, mlinzi wa benki aliyekuwa anatoka zamu.

"Lipo. Anawekea viatu."

"Na wewe mama ukanyamaza?"

"Nimenyamaza lini, baba? Nimesema mpaka mate yamenikauka. Huyo aliponunua silaha, masikio aliyaacha dukani."

Mlinzi akasema yeye hurudi mafunzoni kulenga shabaha kila mwezi, na bado anaiogopa bunduki yake. Silaha haina mwenyewe, anayeishika ndiye mwenyewe. Fundi akamjibu kwamba hayo akamwambie aliyeiuza, maana aliuza bila kuuliza kama mnunuzi ana akili.

Simu ikalia. Alikuwa mume, kwa sauti ya ushindi iliyofika mpaka viti vya nyuma. "Mke wangu, nimekumbuka. Iko kwenye mfuko wako wa vitambaa. Si nilikwambia naficha mahali salama?"

 Mlinzi akamwambia fundi taratibu aondoe mikono kwenye mfuko, asiguse kitu. Basi likasimama, wakashuka hata waliolipa nauli ya mpaka mwisho wa safari.