Hibaq Dirie na Lori la Maziwa ya Ngamia

Wasikilizaji wapendwa, popote redio yako ilipo, kwenye kinyozi pale Mowlem au kando ya cherehani Eastleigh, ongeza sauti kidogo. Leo tunamkumbuka mtu wetu. Jina lake ni Hibaq Dirie. Narudia, Hibaq Dirie, mama wa maziwa ya ngamia. Alifariki wiki iliyopita baada ya kuugua figo kwa muda mrefu. Alizikwa siku hiyo hiyo, kama dini yake inavyoagiza.

Hibaq alizaliwa Eastleigh, akakulia Eastleigh, akafanya kazi Eastleigh. Nasema hivyo kifua mbele. Wapo watu ambao wakitaja Eastlands, upande wetu huu wa Nairobi, hutaja wizi na kelele tu. Basi na wamtaje huyu pia.

Mama yake aliuza maziwa ya ngamia kando ya barabara. Maziwa yalitoka Isiolo, na gari likiharibika njiani hakuna aliyejua. Siku moja yalifika yamechacha yote. Mama akayamwaga mtaroni, wateja wakitazama. Mdogo wake, Nimco, aliniambia hivi: "Mimi nililia. Hibaq hakulia. Aliuliza tu, gari lilikuwa wapi?"

Swali hilo likawa kazi yake. Alipokuwa mtu mzima, yeye na kaka yao Khalif walinunua lori lenye jokofu. Hibaq akafunga vidude viwili ndani yake. Kimoja kilionyesha lori liko wapi. Cha pili, kilichokaa karibu na mlango wa nyuma, kilipima joto. Kila kimoja kilikuwa na laini yake ya simu na kilituma habari chenyewe. Wataalamu huita mambo haya mtandao wa vitu. Wabeba mizigo wa Eastleigh waliyaita udaku.

Habari hizo zilitokea kwenye skrini ukutani mwa ofisi yake, juu ya duka la maziwa. Wazee waliokuja kunywa chai walimwomba abadilishe stesheni, aweke mpira. Na kule Isiolo, akina mama wanaokusanya maziwa walianza kupata ujumbe kwenye simu lori likikaribia. Hawakukaa tena juani wakichungulia barabara.

Lakini dereva hakufurahi. Dereva alikuwa Kiema, mkazi wa Mowlem. Wabeba mizigo walimtania kwamba kidude kinamchunga kuliko bibi yake. Kiema akaona ametukanwa. Akachukua ile karatasi ya foili ya kufungia chipsi, akakifunga nayo kile kidude cha njia kisitume habari. Lori likapotea kwenye skrini, na Khalif akakaribia kupiga ripoti polisi. Lilipofika, Hibaq aliifungua karatasi ile mwenyewe, akamuuliza Kiema kama kidude kilikuwa kinasikia baridi. Watu walicheka. Kiema pia akacheka. Khalif hakucheka.

Kumbukeni hilo, wasikilizaji wapendwa, kwa sababu baadaye lilimponza Kiema.

Maziwa yakaanza tena kuchacha. Wauzaji wakayarudisha. Na kidude cha joto kikaonyesha jambo moja kila safari: lori likitoka kituo cha mwisho cha kukusanya maziwa, joto linapanda. Khalif alikuwa na jibu tayari. Kiema anazima jokofu ili abakize dizeli aiuze. Mtu aliyeficha kidude, atashindwa kuzima jokofu? Khalif alikwisha kupata dereva mwingine. Kiema aliapa kwamba hajazima kitu. Ana watoto shuleni, ana jina lake mtaani, na dereva aliyefukuzwa kwa wizi wa dizeli hapati lori lingine Nairobi hii. Nani angemwamini?

Hibaq aliitazama skrini, akamwambia kaka yake maneno ambayo Khalif mwenyewe aliniomba niyaseme hewani leo. "Walaal, hiki kidude kimesema kuna joto. Hakijasema ni nani."

Kisha akapanda lori. Miguu ilikuwa imeanza kuvimba, daktari amemkataza safari ndefu, lakini alipanda, akaketi kando ya Kiema hadi Isiolo na kurudi.

Alichokiona ni hiki. Mitungi ya maziwa ya ngamia hufukizwa kwa moshi wa kuni kabla ya kujazwa. Moshi husaidia maziwa yakae, na huyapa ile ladha tunayoijua. Zamani akina mama walifukiza mapema, mitungi ikapoa wakingojea. Sasa hawangojei. Ujumbe ukiingia, ndipo wanawasha moto, wanafukiza mbio mbio, wanajaza, wanapakia. Pale kituo cha mwisho, Hibaq aliushika mtungi akautoa mkono upesi. Ulikuwa bado moto. Na mitungi ya mwisho kupakiwa ndiyo iliyokaa mlangoni, ikipasha moto ile jirani yake, mbele ya kidude. Jokofu lilikuwa likinguruma muda wote.

Kiema hakuwa mwizi. Narudia, Kiema hakuwa mwizi.

Hibaq aliwaomba akina mama wafukize asubuhi, waache mitungi ipoe, na akaurekebisha ujumbe uwafikie mapema zaidi. Maziwa yakaacha kuchacha. Ingetosha, sivyo? Kwake haikutosha. Aliporudi aliwaita wabeba mizigo wote mbele ya duka, akamwita na Khalif, akasema: "Joto tulilileta sisi kwa ujumbe wetu. Kiema, tusamehe."

Nilimuuliza Kiema alijibu nini. Akasema, "Nilimwambia, abaayo, dada yangu, panda tena siku yoyote."

Hakupanda tena. Ugonjwa ulimzuia.

Kwako Nimco, kwako Khalif, na kwa akina mama wa Isiolo, poleni sana. Mwenyezi Mungu amrehemu Hibaq na ampe kauli thabiti. Nasi tuliobaki tujiulize. Siku hizi mashine zinatupima kila mahali, kiwandani, ghalani, barabarani. Ni wangapi wamefukuzwa kwa neno la kidude, bila mkubwa yeyote kwenda kuushika mtungi kwa mkono wake?

Kiema hayuko kwenye matanga saa hii. Familia ilimwomba asilaze lori, kwa kuwa marehemu asingependa. Yuko njiani na maziwa, na najua anatusikiliza. Endesha polepole, kaka. Tunakuamini.