Nilivyoponywa Wivu Juu ya Olivier Aliyekwenda Marekani

Ndugu zangu, Bwana apewe sifa kabla sijasema lolote! Mimi ni Bibi Josefina, mzaliwa wa Rumonge, mkimbizi ninayeishi huku kusini, mtaa wa Jeppestown. Shule niliishia darasa la pili, lakini aliyonitendea Bwana siyasahau, wala majina ya waliokuwepo.

Nilimlea mjukuu wangu Dieudonné tangu mama yake, binti yangu Léonie, alipofariki. Bwana alimpa urefu! Kila mlango wa jengo letu aliuinamia. Alicheza mpira wa kikapu, na akicheza kwenye uwanja wa Braamfontein watu waliacha basi liende ili wamtazame. Chini yetu aliishi Mama Espérance, mshona nguo, tunaimba naye kwaya moja. Mwanawe Olivier, naye mrefu, alikuwa timu hiyohiyo. Alikaa benchi. Nasema kweli mbele za Mungu, mtoto yule alishika chupa za maji kuliko alivyoshika mpira!

Walipofika darasa la kumi walitakiwa kuchagua hesabu. Kulikuwa na hesabu ngumu, na kulikuwa na nyepesi, ya kujumlisha bei za dukani na kusoma ramani. Dieudonné akasema, "Bibi, nyepesi itanipa alama nzuri na muda wa mazoezi." Nikasema, "Chukua, mwanangu!" Sisi wakimbizi tunajua nini? Tunaangalia alama tu. Alipoleta themanini nilicheza mbele ya kanisa zima. Olivier, kwenye ngumu, alileta arobaini na tano. Nikamwambia Mama Espérance pale kwenye ngazi, "Jirani, mpunguzie mtoto mzigo, kichwa kitapasuka!"

Akanijibu, "Acha kipasuke, Mama Josefina. Nitakishona."

Mwaka uliofuata, vuvuzela za lile kombe la dunia zilipokwisha kunyamaza, akaja kocha wa chuo kimoja cha Marekani. Alimtaka Dieudonné. Chuo kingelipa ada, chakula, kitanda, kila kitu! Nilikwisha kuchagua kitenge cha kumsindikizia uwanja wa ndege. Kisha kocha akapiga simu. Kule, alisema, kabla ya alama wanaangalia somo lenyewe, na hesabu nyepesi hawaihesabu kabisa. Dieudonné haruhusiwi kucheza. Themanini yangu niliyoichezea ikawa sifuri! Halafu akauliza kama timu ina kijana mwingine mrefu, aliyesoma hesabu ngumu.

Olivier!

Ndugu zangu, wivu ni ugonjwa. Nilimsikia Mama Espérance akicheka huko chini, nikasukuma kando sahani ya ugali. Cherehani yake ikilia, naona inanisema mimi. Kwenye maombi ya asubuhi niliwataja wote: Mama Violette, Baba Samweli, mtoto wa Clémentine. Nyumba ya Mama Espérance niliiruka. Bwana, nilisema, mchezaji nimemlea mimi, mbona umemchukua mbeba maji? Na Dieudonné mwenyewe hakununa! Alishinda uwanjani akimfundisha Olivier kurusha.

"Wee! Unamnolea kisu anayekuchinja?"

"Eish, Bibi. Ni rafiki yangu."

Hilo likaniuma zaidi.

Sasa, mnaijua desturi ya kanisa letu. Anayesafiri huwekewa mikono na mama mzee kuliko wote, na hakuna anayefungua mdomo kabla yake, hata mchungaji. Tangu Mama Perpétue alipotutoka, mzee ni mimi. Walipomaliza shule, Jumapili ya kumuaga Olivier nilijifunga kitambaa gotini, nikasema linauma, siwezi kusimama. Mama Espérance akaniletea kiti. "Kaa, Mama. Mtoto atapiga magoti." Bwana ana mitego yake!

Olivier akapiga magoti, na bado kichwa chake kikawa sawa na uso wangu. Nikaweka mikono. Maneno hayakuja. Kwaya ikaanza kukohoa. Mwishowe nikalia kwa sauti, "Bwana, mtoto huyu namwonea wivu! Sitaki aende! Nisaidie, peke yangu siwezi!"

Kuna aliyecheka nyuma, nadhani Baba Samweli. Mama Espérance hakucheka. Alikuja akaweka mikono yake juu ya yangu. "Endelea tu, Mama Josefina. Mimi nilikuonea wivu wewe miaka yote Olivier alipokuwa anabeba maji. Sogea kidogo, tuombe wote."

Haleluya! Kifua changu kikafunguka. Niliombea miguu ya Olivier, walimu wake, hesabu zake, baridi ya kule. Niliomba mpaka mchungaji akanigusa bega, maana ndege haingoji mtu!

Sitawadanganya. Dieudonné hakwenda Marekani. Analinda duka mtaa jirani wa Kensington, na jioni sasa anasoma zile hesabu ngumu. Juzi ilikuja picha ya Olivier amevaa jezi, na wivu ukachungulia tena. Nilishuka ngazi nikagonga kwa Mama Espérance. "Wivu umerudi," nikamwambia. Akanivuta ndani, tukaomba.

Ndugu yangu unayesoma, kama kuna mtu huwezi kumwombea, mwambie Bwana hivyohivyo, kwa hasira yako yote. Mimi hakuningoja nipende kwanza. Alinipokea na wivu wangu, mikono ikiwa juu ya kichwa cha mtoto wa mwenzangu. Asante, Yesu! Mtegemee huyu, naye hatakuonea haya. Amina.