Hatua Saba za Mwisho za Mzee Ludovick

Tarehe 30 Juni 2012, saa kumi alasiri, Mzee Ludovick Rweyongeza atarudisha funguo za ukumbi wetu wa michezo wa hapa Akalla, Uswidi. Aliajiriwa tarehe 1 Machi 1985, na tangu siku hiyo funguo hizo hazijatoka kiunoni mwake. Miaka ishirini na saba na ushee! Nimeombwa mimi, Colombe wa dirisha la mapokezi, niandike habari zake kwa ufupi. Walioniomba wamesahau kwamba mimi ni mtu wa Bujumbura, na kwetu habari fupi hatuijui.

Kwenye karatasi yeye ni vaktmästare, yaani mtunza jengo. Kwa vitendo ni fundi bomba, fundi taa, msuluhishi wa timu zilizogombea saa ile ile ya mazoezi, na daktari wa mashine ya kahawa ambayo kampuni iliyoiuza ilishaikatia tamaa. Kuna mwaka maharusi wa Kirundi walifika hapa na wageni mia tatu, mlango mkuu ukagoma kufunguka. Wazee wakaanza kuomba, Mzee Ludo akaenda kuleta bisibisi. Dakika nne tu, bibi harusi akaingia na shela yake haina hata doa.

Lakini hakuna aliyekuja hapa Jumanne saa kumi na moja jioni kwa ajili ya bomba. Walikuja kwa ajili ya upanga.

Habari hii inaanzia Makambako, mwaka 1972. Ludovick alikuwa kijana wa miaka ishirini na mitano kwenye ujenzi wa Reli ya Uhuru, akimbebea vifaa mpimaji ardhi Mchina aliyeitwa Mwalimu Shen. Makambako asubuhi kuna baridi, tena baridi hasa, na kila alfajiri Mwalimu Shen alijipasha moto kwa kuzungusha ule mti wake wa kupimia, wenye rangi nyekundu na nyeupe, ameushika kwa mikono miwili. Siku ya kwanza Ludovick alidhani mwenzake amepandwa na mashetani. Siku ya tatu akaona mashetani hayawezi kuwa na mpangilio namna ile, akaomba afundishwe.

Ulikuwa mchezo wa upanga mrefu wa mikono miwili, wenye hatua arobaini. Kwa miezi kumi na minne alipata hatua thelathini na tatu. Ndipo kikosi cha Shen kikahamishiwa mbele, upande wa Tunduma, na Ludovick akabakizwa kwenye madaraja. Shen alimwahidi kwamba zile saba zilizobaki atampa wakikutana tena. Hawakukutana.

Mwaka 1978 alikuja Uswidi kusomea ufundi wa majengo, akabaki. Mwaka 1991 akaanzisha darasa lake hapa ukumbini kwa panga za mti alizozichonga mwenyewe. Watoto wa Kisomali, Kituruki, Kikongo na Kiswidi wote walihesabu hatua kwa Kiswahili, kwa sababu Shen mwenyewe alimfundisha kwa Kiswahili cha kambini. Mama mmoja wa Vällingby aliwatambia majirani miezi sita nzima kwamba mwanawe anajua kuhesabu Kichina mpaka arobaini. Mzee Ludo aliposikia alicheka mpaka akatafuta pa kukaa.

Wa kwanza darasani alikuwa binti yake Veneranda, akiwa na miaka sita. Veneranda ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kiswidi, ndivyo alivyo tangu utotoni, na baba yake alishachoka kumgombeza. Mpe upanga wa mti, sasa! Moja, mbili, tatu, lafudhi ya Bukoba kwa baba yake kabisa, ungedhani kashuka jana.

Kila mwaka shule zikifunguliwa, Mzee Ludo aliwakalisha wanafunzi wapya sakafuni akawapa asili ya kitu walichoshika. Aliwaambia kwamba zamani za kale Wachina walikuwa na panga ndefu zilizonyooka, zenye makali pande zote mbili na mpini wa kutosha mikono miwili. Baadaye ufundi wake ukawapotea, na kiasi cha miaka mia nne iliyopita, enzi za wafalme wa Ming, mtaalamu mmoja akauandika upya akisema ameupata kutoka Korea. Wako wanaobisha mpaka leo. Ule wenye makali upande mmoja, uliopinda kidogo, ndio wa Shen, nao una habari yake. Maharamia wenye panga ndefu za Kijapani walikuwa wakivamia pwani ya Uchina na kuwashinda askari, mpaka jenerali mmoja akapata maandishi ya mafunzo yao, akawafundisha vijana wake silaha ile ile iliyokuwa ikiwaua. Jina lake la sasa, upanga wa mche, limekuja karne nyingi baadaye, kwa kuwa ni mwembamba na mrefu kama mche wa mpunga.

Na kila mwaka alimalizia kwa kusema kwamba hatua zake zote arobaini zimetoka mkononi mwa Mwalimu Shen. Ndiyo, msomaji, umeshaona. Sisi wakati huo hatukuona, kwa sababu hakuna aliyekuwa ametuambia habari ya thelathini na tatu.

Jumanne moja ya Oktoba 2009 akaingia Bibi Qiu, mwalimu mstaafu aliyekuja kumtembelea mwanawe anayefanya kazi hapo Kista. Alikuwa amecheza upanga wa mche zaidi ya miaka thelathini. Aliangalia darasa lote hadi mwisho, akapiga makofi, kisha kupitia kwa mwanawe akauliza kwa adabu kabisa hatua saba za mwisho ni za ukoo gani, maana hajawahi kuziona.

Mzee Ludo angeweza kusema lolote, nani angembishia? Alifuta jasho, akasema mbele ya wanafunzi kumi na wanne kwamba hizo saba ni zake. Alizitunga mwenyewe, akizitoa kwenye kukomba theluji mlango wa mashariki. Ya thelathini na nne ni kuchota, ya thelathini na tano ni kugeuza kiuno usiumize mgongo, na kuendelea. Aliona aibu kufundisha kitu kisicho na mwisho, akakitia mwisho.

Bibi Qiu hakukasirika. Alisema upanga huu tangu mwanzo umeishi kwa kuokota kwa jirani, hata kwa adui, na hakuna ubaya wowote. Ila waliouokota waliandika wameutoa wapi. Kisha akaomba aoneshwe ile ya kuchota mara ya pili.

Aliyekasirika ni Veneranda. Alilaza upanga wake kwenye benchi, akavaa koti, akaondoka. Alimwambia baba yake kwamba kitu kimoja tu alichokuwa nacho cha kwao kikiwa kizima ni zile hatua arobaini, na sasa hajui kingine kipi ni cha kweli. Niliona mtu mzima akishika ufagio bila kufagia, jamani, na iliniuma sana.

Tangu wiki ile, kila mapumziko ya mchana, Mzee Ludo alikaa kwenye simu yangu ya mapokezi na daftari lake, akawapigia wanafunzi wote wa zamani mmoja mmoja kuwaambia ukweli. Walikuwa sitini na watatu. Wengi walicheka, wawili walikata simu, mmoja wa Hjulsta alisema alishashuku tangu zamani kwa sababu mgongo wake hauumi akikomba theluji. Veneranda hakupokea.

Halafu ikaja theluji ya Februari 2010, mnaikumbuka wenyewe. Asubuhi moja Veneranda alikuja kuchukua viatu vyake vya ndani, akasimama hapo dirishani kwangu. Nje baba yake alikuwa anakomba, kuchota, kugeuza kiuno, kutupa, kurudi. Binti akaangalia kitambo. Nikasikia anahesabu taratibu, kwa Kiswahili, thelathini na nne, thelathini na tano. Akatoka, akachukua beleshi la pili. Mlango wa mashariki ulibaki mweupe pe kwa sababu wote wawili walikuwa wanalia badala ya kukomba.

Jumanne iliyofuata Veneranda alibandika karatasi ukutani, ameiandika kwa Kiswahili chake chenye makosa mawili ambayo pale ukutani hatutayasahihisha: ya kwanza hadi ya thelathini na tatu, Mwalimu Shen, Makambako; ya thelathini na nne hadi ya arobaini, Baba, Akalla. Kuanzia Julai darasa ni lake.

Mzee Ludo, umetufungulia mlango miaka yote hii, nasi tunasema asante kwa moyo wote. Uwe na afya, usingizi mzuri na mgongo usiouma, na theluji ya mwaka huu waikombe wengine. Jumanne saa kumi na moja ukumbi utakuwa wazi. Njoo na viatu vya ndani, simama mstari wa nyuma, na usimkosoe mwalimu.