Peninah Chebet na Kifua cha Mama

Ndugu, marafiki na wafanyakazi wenzake mliofika hapa Doha kumuaga kabla hajasafirishwa nyumbani, mimi ni Laban, mdogo wake, na kwa niaba ya familia nawasomea maisha ya dada yetu.

Peninah Chebet alizaliwa tarehe 6 Mei 1986 huko Mariashoni, katika msitu wa Mau, binti wa kwanza wa Mama Edith, katika jamii yetu ya Waogiek. Alianza shule ya msingi mwaka 1993, na walimu walichoshwa na maswali yake, hasa lile la kwa nini watoto hukohoa msimu wa mvua na kupona kiangazi, ambalo alilijibu mwenyewe: mvua ilituingiza sote ndani, tukauzunguka moto katika nyumba isiyo na dirisha.

Alihitimu uuguzi Nakuru mwaka 2009, akafunga ndoa na Gerishon tarehe 10 Desemba 2011, wakajaliwa Wayne na Chelsea, na mwaka 2015 akaja kufanya kazi hapa, ambako wenzake wa nyumba kule Umm Salal walimbatiza Mkaguzi, kwa kunusanusa kila kiyoyozi.

Mwaka 2018 alimjengea Mama nyumba ya mabati yenye madirisha manne, maana kifua kilikuwa kimembana Mama hata kwa jirani hafiki, lakini kikohozi kikazidi. Sisi tulikasirika kusikia Mama ameziba madirisha kwa mablanketi na kuwasha moto ndani, ila Peninah alitaka kujua sababu, akaenda likizo Julai 2019, akalala humo, na asubuhi akanipigia simu, meno yakigongana kwa baridi: "Laban, wacha kulaumu Mama, hata mimi nimeziba." Aligundua kwamba paa la nyasi la nyumba ya zamani lilishika joto na kupenyeza moshi kidogo nje, bati halikufanya hata moja, na kwamba yeye, muuguzi mzima, alijenga bila kumuuliza mwenye kulala humo. Safari hii akamuuliza, wakaweka dari ya mbao, na jiko lenye bomba la kutolea moshi pale pale Mama anapopenda kukaa.

Novemba 2024 alianza kuishiwa pumzi. Daktari alipomwonyesha picha ya mapafu yake, yenye makovu ya tangu utotoni, aliomba ageuziwe kioo cha kompyuta aione vizuri, akauliza hadi zamu ya daktari ikapita. Alifariki tarehe 14 Machi 2025, Gerishon, aliyekuwa amekuja na watoto kumuuguza, akiwa amemshika mkono, na uchungu wetu hauna kipimo.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Umm Salal waliowapikia watoto, na wenzangu wa ulinzi West Bay walionishikia zamu. Jana tumepata habari kwamba Mama amekataa kubebwa, amepanda mlima kwa miguu yake kuchagua mahali pa kaburi, na vijana waliomfuata ndio waliosimama njiani kupumua.

Dada, pumzika sasa kwa amani, Mama anakungoja.