Binti wa Jenerali Anataka Kupanda Kunde

Pale kona ya Dugukoro, Nantenin anapouza kahawa ya maziwa ya kopo, asubuhi ile benchi lilijaa maneno kabla vikombe havijajaa. Kisa ni binti wa marehemu Jenerali Kone, yule aliyetukalia kooni miaka ishirini na mbili. Kumbe binti ni mtaalamu wa kunde. Kunde, jamani! Na sisi Watraore, watani wa Wakone tangu mababu, tukikutana na Mkone hatumwamkii, tunampokonya alichoshika na kumwambia mla kunde we, umejamba mpaka huku. Jenerali akaupiga marufuku utani huo. Bakary, mume wa Nantenin, akamrushia Jenerali hivyohivyo kwenye harusi moja, akalala ndani miezi minane. Sasa binti kaomba shamba la Nantenin la kando ya mto ajaribie mbegu zisizoliwa na wadudu, na leo anafuata jibu.

— Usimpe, alisema Redio, fundi cherehani asiyepitwa na habari. Babake kazika dhahabu mle.

— Dhahabu iwe shambani kwangu, halafu mimi niuze kahawa?

Nantenin alicheka mpaka birika likatikisika.

— Siyo dhahabu, alisema Wakili, ambaye uwakili wake ni kufagia mahakama miaka tisa. Ni kunde za utiifu. Unakula sahani moja, jioni unajikuta unapiga saluti. Wahenga walisema damu nzito kuliko maji, ndiyo maana kunde zikichemka zinatoa povu.

— Methali hiyo umeiokota kwenye fagio? Nantenin akamuuliza.

— Nisikilizeni, Redio akadakia. Anatengeneza kunde zisizojaza tumbo upepo. Wakone wakizila hizo, sisi tutawatania nini? Baba alitumia askari, binti anatumia sayansi.

Benchi zima likaguna. Hilo liliwaingia.

Nantenin alicheka na wenzake, ila jicho lilikuwa kwa Bakary, aliyekuwa akichovya mkate wake.

— Baba Sira, na wewe sema.

— Shamba lako. Uliachiwa na mama yako.

— Shamba langu, lakini miezi minane ni yako.

Pikipiki ikasimama, akashuka Dokta Asetu Kone mwenyewe, ndala zina tope. Ghafla watu wakawa na adabu. Redio akafuta benchi kwa mkono wa kanzu yake.

— Karibu Dokta. Keti Dokta.

Asetu akaketi karibu na Bakary, akapokea kahawa.

— Mama, kabla ya shamba nina swali. Nasikia Wakone tuna watani. Kwetu hakuja hata mmoja, nimekua sijataniwa. Hapa nina wiki ya tatu, naitwa Dokta tu. Huwa anaanza nani?

Redio akamtazama Wakili. Wakili akatazama kikombe. Anaanza nani? Ni kama kukuuliza siku ya kwanza kutembea ulitanguliza mguu gani. Nantenin akashika birika kama limeganda mkononi.

Bakary akaweka mkate wake chini. Akamnyang'anya Dokta kikombe mkononi, akanywa kahawa yote taratibu, akamrudishia kitupu, akafuta mdomo.

Asetu alitazama kikombe. Akamtazama Bakary. Kisha akachukua ule mkate, akaumega kipande kikubwa, akala.

— Jembe unalo, au na hilo utakuja kuiba kwangu? Nantenin akamuuliza.